Mbingu ya Mario Ilikuwa ya Rangi Gani Kule Othaya?

Kwako Fundi,

Nina duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala hapa Nyeri mjini. Siku hizi kila mtu ana simu, nakala zimepungua, kwa hivyo nimetenga kona moja ya gemu za zamani. Siyo pleisteshen, hizo ziko kila mtaa. Nataka zile za kaseti tulizocheza tukiwa watoto: Mario, Contra, ile ya kupiga bata kwa bunduki. Nimeweka kompyuta iliyotumika, programu ya kuigiza mashine za zamani, na TV bapa ya inchi 32.

Tatizo ni kaka yangu mkubwa. Yuko Lowell, Massachusetts, tangu 2004. Nilipomtumia video ya kona yangu kwa WhatsApp alinicheka. Anasema mbingu ya Mario ni samawati, siyo hiyo zambarau yangu, na kwamba nimeichagulia TV rangi kama mtu anayechagua kitambaa cha sare. Yeye amenunua Nintendo halisi kule, akanitumia video yake kama ushahidi. Pia anasema muziki wake unakwenda haraka kuliko tuliouzoea nyumbani.

Mimi nakumbuka vizuri sana. Tulinunuliwa mashine Desemba 1995, nyumbani Othaya, tukaiunganisha kwenye Great Wall ya inchi 14 iliyotumia betri ya gari kwa sababu stima ilikuwa haijafika. TV ya rangi ililetwa baadaye, baba alipolipwa pesa za kahawa. Tangu siku ya kwanza mbingu ilielekea zambarau. Programu yangu ina orodha ndefu ya paleti, na kila moja inabadilisha picha. Paleti ipi ndiyo ya kweli? Na nani kati yetu amekosea?

Mwenye Kona, Nyeri

Dada yangu Mwenye Kona,

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ni ugomvi wa ndugu, nikataka kuisogeza kwenye meza ya mwenzangu anayejibu mambo ya familia. Mara ya pili nikacheka peke yangu hadi chai ikapoa. Umeandika kwamba mashine ilifika Desemba 1995 ikaingizwa kwenye Great Wall ya betri, TV ya rangi ikaja baadaye, na bado unaapa kwamba uliiona mbingu ya zambarau tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na TV Karatina, na sikumbuki kijiji cha Mathira au Othaya ambacho Great Wall ile haikufika. Ya inchi 14, ya betri, ilikuwa nyeusi na nyeupe. Siku ya kwanza, dada, mbingu ilikuwa ya kijivu.

Sikucheki kwa ubaya. Nimeanza hapo kwa sababu swali lako la paleti ya kweli linajificha ndani ya sentensi hiyo. Ukiniuliza rangi ipi ni ya kweli, lazima nami nikuulize: kweli ya skrini ipi?

Tuanze na mashine. Ile halisi, Famicom, ilitolewa Japani Julai 1983, ikauzwa Marekani kuanzia 1985 kwa jina la NES. Iliyofika kwenu, kwa hakika karibu yote, ilikuwa nakala yake: jina kubwa kwenye boksi, chipu zilizotengenezwa Taiwan na kampuni kama UMC, na kaseti iliyojisifu kwamba imebeba gemu 9999 kumbe ni kumi na kitu zinazojirudia, nyingine zikianzia hatua ya tatu ili uone ni mpya. Sizidharau. Bila nakala hizo watoto wa huku kwetu wangeisikia Mario kwa masimulizi tu.

Ndani ya mashine halisi kuna chipu ya picha iitwayo 2C02, na nakala zilifuata mpango wake. Watu hudhani ndani ya chipu hiyo mna rangi, kama zilivyo ndani ya kopo la rangi ya ukuta. Hamna. Kaseti inaiambia chipu: hapa weka 22, hapa 16, pale 27. Tarakimu ya kwanza ni ngazi ya mwangaza, na ngazi ni nne tu, kutoka 0 hadi 3. Ya pili ni aina ya rangi, nazo ni 12, ukiacha safu za kijivu na nyeusi. Namba zote ni 64; ukitoa zile zinazorudia weusi ule ule zinabaki rangi 54 hivi. Basi. Hakuna mahali ndani ya chipu palipoandikwa wekundu kiasi hiki, kijani kiasi hiki, samawati kiasi hiki, kama ilivyo kwenye kompyuta yako. Kinachotoka ni wimbi la umeme linalopanda na kushuka, na kazi ya kuligeuza kuwa rangi ameachiwa bwana TV.

TV hufanyaje? Mwanzoni mwa kila mstari wa picha inapewa wimbi la kupimia. Kisha inatazama wimbi la rangi limechelewa kiasi gani likilinganishwa na lile. Likichelewa kidogo ni rangi hii, likichelewa zaidi ni rangi nyingine, na zile aina 12 zimekaa kwa duara, zikiachana sawasawa kama tarakimu za saa ya ukutani. Mbingu ya Mario ni namba 22: ngazi ya 2 ya mwangaza, aina ya 2 kwenye duara. Hapo sisi Waswahili tuna bahati ya kuelewa jambo ambalo wengine huwachukua kutwa nzima kulieleza. Kaka yako akitazama saa ya ukutani asubuhi anasema ni nane. Wewe ukiitazama ile ile unasema ni saa mbili. Mishale haijasogea. Mmeanza kuhesabu mahali tofauti, na TV mbili hufanya vivyo hivyo: zikikosana kidogo tu kuhusu pa kuanzia, duara lote linazunguka, na mbingu iliyokuwa samawati inasogea kuelekea zambarau.

Sasa paleti. Ni faili ndogo mno, baiti 192, ambamo kila moja ya namba 64 imepewa kiasi chake cha wekundu, kijani na samawati. Ni kama umemtuma mtoto hadwea na karatasi iliyoandikwa namba 22, bila kumwambia ni katalogi ya kampuni gani. Atarudi na kopo, tena atarudi na uhakika. Paleti nyingine zimekokotolewa kutoka kwenye volti za chipu. Nyingine zimenaswa kutoka kwenye mashine kwa kifaa cha kurekodia. Nyingine zimeigiza tabia ya TV za aina fulani, na chache zilipangwa na mtu aliyekaa mbele ya skrini akifuata anachokumbuka, kama wewe. Hata Nintendo wenyewe hawakukaa mahali pamoja. Mashine zao za kumbi za michezo zilitumia chipu nyingine, 2C03, iliyotoa rangi tatu moja kwa moja, na rangi zake hazikufanana na za nyumbani. Walipoziuza tena gemu hizo kwenye Wii zilikuwa na giza, na mashine yao ndogo ya 2016 ikaja na rangi nyingine. Mwenye ngoma mwenyewe anaiwamba kila mara kivyake.

Niingie kwenu na Lowell, maana hapo ndipo kesi ilipo.

Marekani walipitisha mfumo wao wa TV ya rangi, NTSC, mwaka 1953. Ulikuwa wa kwanza kuenea na ulikuwa na udhaifu mmoja: wimbi la rangi likicheleweshwa njiani, rangi zote zinageuka, na msomaji wa habari anapata uso wa kijani. Ndiyo maana TV za kule zilikuwa na kitufe cha kuzungusha rangi, mtu anakaa akikizungusha hadi uso urudi kuwa uso. Watengenezaji nao walizipinda saketi zao ili ngozi ipendeze, na kuzipinda huko kuligusa mbingu, nyasi na kila kitu. Japani walizoea kuzipanga TV ziwe na weupe wa ubaridi, unaokaribia kelvini 9300, wakati kipimo cha kimataifa ni 6500. Kwa hivyo hata ndani ya NTSC yenyewe mbingu ya namba 22 ilisafiri kati ya samawati na zambarau kutoka sebule moja hadi nyingine, na kila mtoto aliamini ya kwao.

Sisi Kenya tulifuata PAL, uliobuniwa Ujerumani na Walter Bruch wa Telefunken mapema miaka ya 1960. Bruch alifanya jambo la kifundi ambalo hadi leo nikilifikiria naona raha. Katika kila mstari wa pili aligeuza upande mmoja wa wimbi. Kosa likiingia, mstari mmoja unapinda kulia, unaofuata unapinda kushoto, TV inaiweka pamoja na makosa yanafutana. Rangi hufifia kidogo, lakini haigeuki. Kwenye PAL kitufe cha kuzungusha rangi hakina kazi, na TV nyingi za huku hazikuwa nacho kabisa. Siku ilipofika ile TV ya pesa za kahawa, mlichoona kilitoka kwenye chipu ya nakala iliyotengenezewa PAL, kikapita kwenye waya wa antena, kikapokelewa na TV ya PAL. Kaka yako leo anacheza kwenye chipu ya NTSC iliyotengenezewa Marekani. Hizo ni katalogi mbili za rangi. Na paleti nyingi kwenye orodha yako zilikokotolewa au kupimwa kutokana na mashine za Marekani na Japani, si kutoka kwenye nakala iliyofika Othaya.

Ushahidi wa mwendo uko upande wake, tena unaonyesha kwamba nanyi hamkuwa na kosa. Mashine yake huchora picha 60 kwa sekunde, za PAL huchora 50. Gemu nyingi zilihesabu muda kwa picha, siyo kwa saa, kwa hivyo wimbo uliomchukua sekunde 60 kule ulichukua sekunde 72 kwenu. Nakala nyingi za PAL zilipangwa ili sauti yenyewe isishuke sana, ndiyo maana muziki mlioujua ulikuwa wa polepole bila kuwa mzito. Nenda kwenye mipangilio ya programu yako utafute mfumo. Ukiona chaguo linaitwa Dendy, chagua hilo. Dendy ni nakala iliyouzwa Urusi kuanzia 1992, na ndiyo jamaa wa karibu wa ile yenu. Ukichagua PAL tupu unaiga Nintendo halisi ya Ulaya, na hapo sauti nayo itashuka.

Video zenu za WhatsApp zitupeni nje ya mahakama. Kamera ya simu hujichagulia weupe wake kila inapofunguliwa, na ikifinyanga video ili iwe nyepesi, kitu cha kwanza kutolewa kafara ni usahihi wa rangi. Zaidi ya hayo, muulize kaka yako ameunganisha Nintendo yake na TV gani. Kama ni bapa ya kisasa, basi naye anaangalia tafsiri ya kiwanda cha TV hiyo, na ujuaji wake upungue kidogo.

Nirudi sasa kwenye ule ukijivu, kwa sababu ndiyo zawadi yako.

Nimekwambia tarakimu ya kwanza ni ngazi ya mwangaza. Katika chipu ile, rangi zote 12 za ngazi moja zina mwangaza ule ule. Sasa sikiliza Mario amepakwa nini: kofia na ovaroli ni namba 16, nywele na shati ni 18, ngozi ni 27, na nyuma yake mbingu ni 22. Kwenye TV ya rangi ni nyekundu, kahawia ya kuelekea kijani, rangi ya chungwa iliyokaribia ngozi, na mbingu. Ziondoe rangi, baki na mwangaza. Kofia na nywele, 16 na 18, zote ni ngazi ya 1: kijivu kimoja. Uso na mbingu, 27 na 22, zote ni ngazi ya 2: kijivu kimoja. Kwenye Great Wall yenu Mario alikuwa mtu mwenye tundu mahali pa uso, mbingu ikipita ndani yake, labda na vitone vidogo vinavyotambaa kama sisimizi mahali wimbi la rangi lilipojipenyeza kwenye TV isiyolihitaji. Mlimjua kwa masharubu na kwa kuruka. Mlicheza hivyo miezi, pengine miaka, na hakuna aliyelalamika.

Kutokana na hilo utapata kipimo ambacho hakihitaji kumbukumbu ya mtu yeyote. Fungua Mario, simama pale mwanzo, chukua rimoti ya TV yako ya inchi 32 na uipunguze rangi hadi sifuri. Tazama uso na mbingu. Paleti iliyofuata chipu kwa uaminifu, vijivu vyake viwili vitakaribiana sana, uso utayeyuka. Havitalingana sawasawa, kwa kuwa samawati ya namba 22 huwa kali kuliko skrini ya kompyuta inavyoweza kuonyesha na hukatwa kidogo juu. Lakini paleti ambayo uso unabaki uking'aa wazi mbele ya mbingu iliyopigwa giza, jua kwamba mtu aliiteremsha mbingu ili iwe samawati nzuri. Zile za zamani zilizoenea sana mtandaoni, zenye mbingu ya samawati safi ambayo vijana hufanyia fulana, nyingi huanguka hapo. Na zile zinazopita mara nyingi zina mbingu ya kuelekea zambarau.

Usikimbilie kumpigia simu. Umeshinda hesabu ya chipu, lakini hujashinda hesabu ya TV yake. Samawati aliyoiona kwenye skrini fulani ya Marekani inawezekana kabisa, tena kwa njia halali.

Kwa kona yako mimi ningefanya hivi. Kwanza acha paleti, shughulikia TV, maana TV bapa hutoka dukani ikiwa imewekwa kwenye hali ya kumeremeta ili iwavutie wapita njia. Iweke kwenye hali ya sinema. Joto la rangi liwe vuguvugu. Zima kila kinachojiita cha kuboresha picha, na zima kile cha kuokoa umeme kinachopunguza mwangaza chenyewe. Halafu angalia taa ya dukani. Nikiwa kijana nilimsawazishia mteja mmoja weupe wa TV usiku, chini ya balbu ya manjano, kazi ambayo nilijivunia hadi nikamwonyesha jirani. Asubuhi alirudi nayo kwenye mkokoteni, mwezi wa Julai, ukungu umefunika hadi mlangoni, akaniuliza kwa nini Rais ana homa ya manjano. Nilikuwa nimeisawazisha TV kwa macho yaliyokwisha kuzoea balbu. Mama yangu, aliyekuwa akichagua kahawa mbivu kiwandani, alijua hilo bila kusomea: hakuamua wekundu wa tunda chini ya bati, alitoka nalo juani. Nawe usichague paleti usiku.

Ukishamaliza hayo, chukua paleti mbili au tatu zilizopita kipimo cha kijivu. Tazama namba za rangi ambazo mtoto hawezi kukosea: nyasi, chungwa la matofali, wekundu wa kofia. Epuka paleti yenye wekundu unaoelekea waridi. Kisha chagua moja na uiache hapo. Mteja akilalamika mwambie ni ya Othaya. Programu nyingi pia zina kichujio kinachoigiza waya na TV za zamani, kikilainisha kingo na kuchanganya rangi za jirani. Kijaribu, kwa sababu wachoraji wa gemu zile walijua picha yao ingelainishwa njiani, lakini kumbuka kwamba vingi vimeiga NTSC, na ule mtambao wa vitone vyake si wa kwenu.

Ukipata TV ya zamani yenye kisogo, tena ya rangi, na bado inawaka, inunue. Itakuamulia mambo mengi bila paleti: unachomeka nakala halisi, TV inatafsiri kama zamani. TV bapa ukiichomekea mashine ile moja kwa moja mara nyingi hukosea, huidhania ni picha ya mistari ya kupokezana, ikaanza kutetemesha kingo. Ila usiifungue hiyo ya kisogo mwenyewe, hata ikiwa imechomolewa. Bomba la TV ya rangi hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000 na huweza kuhifadhi chaji muda mrefu. Mlete fundi, angalau achukue lawama.

Ile ya bata itakuvunja moyo. Bunduki yake ilitegemea namna bomba la zamani lilivyochora mwanga mstari kwa mstari, papo hapo. Kwenye TV bapa utapiga siku nzima na mbwa wa gemu hiyo atakucheka. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutafuta TV ya kisogo, na watoto wa siku hizi watapanga foleni.

Hukuuliza kuhusu mashine nyingine, lakini kona yako ikikua utazifikia. Sega Mega Drive haina ugomvi mkubwa, kwa kuwa chipu yake inatoa wekundu, kijani na samawati yenyewe, ngazi 8 kwa kila moja, jumla rangi 512. Game Boy ya 1989 haikuwa na rangi hata moja, ilikuwa na vivuli vinne, na ule ukijani ulikuwa wa kioo chenyewe. Ile ndogo ya 1996 ikaja na kijivu, kwa hivyo usimruhusu mtu aapie kijani mbele yako. Game Boy Advance ya 2001 ndiyo ya kuangalia: kioo chake hakikuwa na taa, kwa hivyo wachoraji walizidisha mwangaza ili mtoto aone. Ukiipeleka ilivyo kwenye TV ya inchi 32 inaonekana kama kitambaa kilichopauka juani. Washa marekebisho ya rangi kwenye programu, yapo.

Na kabla hujaanza kutoza watu kwa saa, pitia kwa watu wa KECOBO, bodi ya hakimiliki, uulize kuhusu gemu zenyewe. Zina wenyewe, hata zikiwa za 1985.

Kuhusu kaka yako, mpigie Jumapili jioni, kule itakuwa bado mchana. Usimtajie mbingu. Muulize tu, ile Krismasi ya 1995, pale mbele ya betri, shati la Mario lilikuwa la rangi gani. Akijibu haraka, naye amelikumbuka kwa TV ya pesa za kahawa.

Wako,
Fundi